Deni la Vigae

Mimi si mtu wa misa. Niliitwa kwa ajili ya paa.
Ilikuwa Novemba, uwanda wa Margeride umefungwa na ukungu,
naye amesimama mlangoni pa zizi la kondoo,
kanzu nyeusi, matope mpaka magotini,
vijana wanne nyuma yake wamejikunyata kama vifaranga.
"Hapa," akasema, "patakuwa kanisa."
Nikatazama juu. Niliona mbingu bila kupanda ngazi.

Habari za Padre Éloi Chazalon zilijulikana bonde zima.
Walipoigeuza altare ielekee watu,
yeye aligeuka akatoka.
Askofu akaandika barua. Akaandika ya pili.
Akanyang'anywa parokia, akanyang'anywa nyumba,
akaondoka Malvielle na baiskeli, misale kuukuu,
na kalisi aliyoifunga ndani ya soksi.

Vigae mia nne na kumi na viwili, vya jiwe,
kila kimoja uzito wa mtoto anayeanza kutembea.
Nilimwandikia hesabu. Akaisoma kwa kidole,
polepole, kama Injili, kisha akaikunja.
"Mungu atakulipa."
Nikamwambia mke wangu: Mungu hana akaunti posta.
Jibini ilikuja. Asali ilikuja. Fedha haikuja.

Wale vijana, mmoja aliondoka kabla ya Kwaresima,
vidole vimebabuka kwa baridi.
Mwingine alimwoa binti wa muuza mbolea.
Wakaja wengine, wa Lyon, wa Nantes,
watoto wa mawakili wasiojua kushika koleo,
wakawa wanaamka saa nane za usiku kuimba Kilatini
ambacho kondoo walikielewa sawa na mimi.
Lakini alfajiri moja ya theluji, niko juu ya paa,
msumari mdomoni, nilisahau kupiga nyundo.
Sisemi zaidi ya hapo.

Ila hili nitalisema, maana nawaona mmeanza kumchonga sanamu.
Mama yake alipokufa, misa ilisomwa kwa Kifaransa.
Hakuingia. Alisimama nje mvuani saa nzima,
kichwa wazi, mgongo kwenye mlango uliofungwa.
Dada yake Zélie hakumsemesha tena, mpaka naye akaingia kaburini.
Watu walipotawanyika, mimi niko juu ya banda la wachimba kaburi,
nikamwona amepiga magoti kwenye udongo mbichi
akimwimbia mama yake peke yake,
sauti inakatika kama kamba mbovu,
anaanza upya, inakatika,
anaanza upya.
Mnasema moyo wa jiwe.
Nimefanya kazi na mawe miaka hamsini. Jiwe halifanyi hivyo.

Kisha Bruda Odilon, mkono wake wa kulia,
akapatana na askofu mpya,
akaondoka na nusu ya watawa na ng'ombe wote.
Padre hakumlaani. Aliniomba nitengeneze altare, inayumba.
Nikalala chali chini yake na taa.
Mguu wa nyuma umeoza. Chini ya mguu wa mbele
karatasi iliyokunjwa mara nane:
barua ya askofu, ile ya kwanza, laini kama kitambaa,
imesomwa mpaka mikunjo imetoboka.
Nikataka kuichomoa niweke kipande cha mwaloni.
"Iache," akasema. "Hiyo ndiyo inayoishika."
Kama ilikuwa kejeli au kilio, mpaka leo sijui.

Uzeeni alisahau majina yetu, akasahau kula,
akasahau alichogombana na nani.
Kilatini kilibaki. Na mimi, sijui kwa nini.
Kila nikipita na ngazi, kutoka kwenye kiti chake dirishani:
"Fundi, umelipwa?"
"Nimelipwa, Padre."
Kesho yake: "Fundi, umelipwa?"
Majira mawili ya baridi nilimjibu hivyo.

Jana, baada ya maziko, mtawa kijana mwenye miwani
alinifuata uani na daftari la madeni,
ukurasa wa kwanza, mwandiko wa marehemu, jina langu.
"Tunadaiwa kiasi gani?"
Niliangalia juu. Upande wa kaskazini
kigae kimoja kilikuwa kimeteleza.
Nikaenda kuleta ngazi.